Bi Mkwaruzo na Mti Mchungu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mama aliyeshindana na mti. Ndiyo, mti. Na mama akashinda.

Alikuwa mkemia. Maabarani walimwita Bi Mkwaruzo, na sababu mtaipata. Mti wenyewe una gome chungu, na ndani ya uchungu huo mna dawa ya moyo. Kaka yake aliishi kwa dawa hiyo. Lakini miti ilichunwa gome mpaka ikaanza kwisha. Bi Mkwaruzo akasema: nitaitengeneza mwenyewe, ndani ya chupa.

Hatua ishirini na sita, wasikilizaji. Unaunga kipande kwa kipande. Ukiharibu ya ishirini, unarudi ya kwanza. Mti hufanya hayo umesimama tu, tena hauna cheti. Yeye alitumia miaka kumi na tisa.

Na kila akifika mwisho, anapata uji wa kahawia unaonata. Mkuu wa idara, mtu wa suti na haraka, akamwambia, "Dada, hiyo si dawa, ni lami. Ijumaa nakitaka chumba."

Alhamisi asubuhi mdogo wake akampelekea chai. Anasimulia: "Nikamkuta anakwaruza chupa kwa ndani, na kijiti cha kioo. Krr, krr, mpaka meno yananiuma. Nikamwambia, dada, mwaga huo uchafu twende nyumbani. Akasema, 'Mdogo wangu, kitu kikigoma hakimwagwi. Kinashtuliwa.'"

Ndivyo wafanyavyo wakemia. Chembe za dawa zinapotakiwa kuganda ni kama wageni ukumbini: hakuna anayetaka kuketi wa kwanza. Mkwaruzo humpa mmoja kiti, wengine wakafuata. Saa nne, palipokwaruzwa pakatokea doa jeupe. Saa sita, chupa imejaa chembe nyeupe, nyembamba kama sindano.

Mkuu wa idara akachungulia. "Hata chumvi ni nyeupe."

Bi Mkwaruzo akazisaga chembe zile. Akachanganya unga wake na unga uliotoka kwenye gome, akaupasha moto. Vikiwa vitu viwili tofauti, mchanganyiko huyeyuka mapema. Vikiwa kitu kimoja, husubiri joto la dawa yenyewe, nyuzi mia themanini na nne. Mia sabini, kimya. Mia themanini, kimya. Mia themanini na nne, ukayeyuka wote kwa pamoja.

Mkuu akavua miwani. "Chumba ni chako, dada."

"Asante. Sasa ondoa kiwiko, umeegemea asidi."

Leo dawa hutoka chupani, na miti imebaki na gome lake. Kaka mtu ana miaka themanini na moja, na bado analalamika kwamba vidonge ni vichungu.

Bi Mkwaruzo alituaga Jumatatu. Mdogo wake anasema hata hospitalini alikwaruza glasi ya maji kwa kijiko. Nesi akauliza, "Bibi, unatafuta nini humo?" Akajibu, "Mazoea tu, mwanangu. Lakini hebu angalia, huwezi kujua."

Kwa kaka, kwa mdogo mtu, na kwa maabara iliyobaki kimya, poleni sana. Nawe msikilizaji, kama una jambo lililogoma mpaka likawa lami, kabla hujalimwaga, likwaruze kwanza.