Mwandishi Niliyemjua kwa Kisogo

Dada zangu wa Kambi Muru, na nyinyi mliotoka Kawangware kuja kutusikiliza tukisoma mashairi, mko poa? Sauti yangu ikipotea katikati, msishtuke. Ishawahi kupotea, na ilirudi.

Mimi nilikuwa mtu wa kelele. Kule Silanga, matanga hayakuchangamka kabla sijatoa wimbo, na nyimbo nilizitunga mwenyewe nikipalilia mboga zangu za sukuma wiki. Halafu mtoto wangu wa kwanza akaugua, akafa kabla hajajua kutembea. Watu walikuja, wakaimba. Mimi nikafungua mdomo, hakuna kitu kilichotoka. Wiki zikapita, hata "niaje" ya jirani sikuweza kuijibu. Wengine wakasema naringa. Ndugu zangu, nawaambia, ule ukimya haukuwa kuringa. Nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji, anaona wenzake huko juu wanaongea.

Wifi yangu akanichukua hadi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, akaniweka kwa kibanda chake cha kusuka nywele. "Vidole havihitaji mdomo," alisema. Na kweli, msusi hukaa nyuma ya mteja. Siku hizo sikuwa nainua macho, kwa hivyo watu niliwajua kwa visogo tu.

Kisogo kimoja kilikuwa na nywele zilizojizungusha mahali pawili, na kovu dogo chini ya sikio la kushoto. Mwenyewe alikuwa dada mmoja mwandishi. Nikimsuka, alisoma kazi zake kwa sauti ya chini, jua likipenya matundu ya mabati, mafuta ya nazi yakinukia, nami nikielea tu ndani ya yale maneno. Akimaliza aliuliza, "Unaonaje, siste?" Niliendelea kusuka. Hakukasirika. Alirudi tena na tena, na kila mara aliuliza.

Siku moja alisoma shairi la mama aliyefiwa na mtoto. Asubuhi baada ya mazishi, mama huyo anafagia nyumba, anakunja blanketi la mtoto, maisha yanaendelea. Vidole vyangu vikasimama.

"Hakulikunja," nikasema.

Wifi yangu aliangusha kitana. Yule mwandishi hakugeuka, Mungu ambariki, maana angegeuka ningekimbia. Akauliza polepole, "Alifanya nini basi?"

"Alifagia akilizunguka. Mpaka leo hajalikunja."

Nililia juu ya nywele zake, naye akalia akiangalia mbele. Kisha akasema, "Hilo shairi si langu tena, mama. Limalizie wewe."

Nililimalizia, ndilo nimekuja nalo. Wifi, pale nyuma, asante kwa kunipa kazi ya vidole. Na nyinyi wengine, ukiona mwenzako amenyamaza, usimvute mdomo. Kaa karibu naye, na usichoke kumuuliza.

Leo kila aliyesoma kabla yangu amemtaja mwandishi aliyemwamsha. Mimi sina jina la kutaja. Alihama kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza, lakini nasikia hukosi kumpata mahali mashairi yanasomwa. Tangu niingie naangalia nyuso zenu, na uso wake siujui, hata wifi, kwa wingi wa wateja, haukumbuki.

Kwa hivyo kabla sijasoma, naomba kitu kimoja, na msinicheke. Geukeni, dada zangu. Nyote, nipeni visogo.