Kipa Aliyepita Getini

Mwaka wa Azimio la Arusha, ndani ya basi la Temeke, mwalimu mmoja wa mpira alimweleza mama aliyeketi naye kwa nini walifungwa manne. "Sie tuliruka ukuta wa uwanja, kukwepa dawa ya uchawi waliyotufukia wapinzani getini. Kipa wangu Nikodemu akapita getini! Simpangi tena."

"Nikodemu mwanangu, mwalimu. Si ulimkataza kuruka, kwa lile goti lake bovu?"

"Nilimkataza kuruka, mama. Kupita getini sikumruhusu."

Mimi, niliyeketi nyuma yao, niliyetoka chuoni nikiamini michezo hujenga udugu, nilimtafutia Nikodemu njia ya tatu, nikaikosa.

"Na walioshinda walipita wapi?" nikamuuliza mwalimu.

"Getini. Ujue dawa yao kali!"

Basi likasimama, mwalimu akateremka haraka. Mama akamfuata, khanga ikimporomoka: "Kwa hiyo Jumapili mwanangu adake, asidake?"