Jina la Anayeimba

Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni wa kaunti yetu, wachungaji na mapadre, machifu, wageni waalikwa kutoka Nyamira, wazee wenzangu, akina mama na vijana wa Keumbu: hamjambo, na Bwana asifiwe.

Kosa tunalofanya wengi ni kudhani kwamba serikali husaidia utamaduni inapotuita tucheze ngoma uwanjani kabla mgeni hajaketi. Tunacheza, tunapewa soda, tunarudi nyumbani, na nyimbo zinarudi nasi bila kuhifadhiwa. Msaada ni kitu kingine. Msaada ni chumba hiki cha kurekodia tunachokifungua leo, chenye kuta zisizopitisha kelele za barabara. Ni fundi aliyefunzwa kazi yake. Ni rejista itakayosema wimbo huu umeimbwa na nani, ili redio ikiucheza mwenyewe ajulikane na apate haki yake.

Nayasema haya nikiwa mkosaji, si hakimu.

Mwaka jana kikundi cha kijiji chetu kiliniomba nikiandikie barua ya kuomba kurekodiwa nyimbo za kusaga wimbi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, barua hainitishi. Lakini sisi ni watu wa majani chai, tumezoea kamati. Nikaandika kama tunavyoandika mambo ya kituo cha kununulia majani: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Nikagonga muhuri. Watatu hao ni watu waaminifu sana, na hakuna hata mmoja wao anayejua kuimba.

Fundi Odoyo, wa kurekodi sauti, akaja na vyombo vyake, akavipanga sebuleni kwa mwenyekiti, akayasoma majina yaliyo kwenye barua. Bwana Makori, mwenyekiti wetu (yuko pale, anacheka, kwa hiyo amenisamehe), akasimama mbele ya maikrofoni amevaa suti.

"Mzee, anza basi," Odoyo akamwambia.

"Nianze nini? Mimi ni mwenyekiti!"

"Sasa nani anaimba hapa?"

"Waimbaji wako nyuma ya nyumba, wanamenya ndizi za wageni. Kwani wewe hutakula?"

Tulipokwenda kumwita Mama Nyanchoka na mwenzake Mama Nyamusi, mvua ya saa tisa, mnaijua, ilikuwa imeanza kupiga mabati. Hatukurekodi hata sauti moja. Odoyo alikuwa akingojewa kule Nyacheki; akafunga vyombo akaondoka. Mama Nyanchoka akafuta mikono, akaniuliza, "Mwalimu, kwenye barua yako mimi nilikuwa wapi?"



Wimbo wa kusaga huhitaji watu wawili. Mmoja huanzisha, na mwingine huitikia kwa maneno yake mwenyewe, ambayo hayafanani na ya mwenzake. Nyamusi ndiye aliyekuwa akiitikia. Tulimzika mwezi wa Februari. Je, kuna yeyote kati yetu anayeweza kuyasema maneno yake leo? Mama Nyanchoka anakumbuka nusu. Yuko hapa safu ya kwanza, ana miaka themanini na mmoja, na amekuja kurekodi sehemu yake pamoja na nusu hiyo ya Nyamusi kabla nayo haijapotea.

Mheshimiwa Waziri, tunakushukuru, na shukrani yetu ni ya kweli. Lakini chumba kilichofungwa kwa kufuli hakirekodi. Ufunguo ubaki hapa Keumbu, usikae makao makuu. Na fundi awafuate nyumbani wazee wasioweza tena kupanda na kushuka milima yetu. Hilo tutakukumbusha mwezi huu, na ujao, na ule mwingine, mpaka utuchoke. Na ukishatuchoka tutaendelea kukukumbusha.

Nanyi wenzangu, nimewaeleza kirefu, kama ilivyo desturi ya walimu, nanyi mmenivumilia. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Fundi anaandikisha leo tu, mpaka saa kumi, kwenye ile meza iliyo mlangoni. Kabla hujapanga foleni ya chakula, nenda mezani ukaandikishe jina la mtu anayeimba.