Bi Ernestine na Busu Lililokatwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha filamu cha maktaba yetu hapa Newport News, Bi Ernestine Tolliver anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Sasa nani atatunusia makopo? Maana Bi Ernestine hafungui kopo la filamu kabla hajalinusa. Likitoa harufu ya siki, filamu imeanza kuoza, na ole wako uwe umeliweka karibu na makopo mazima, maana huyaambukiza.

Kazi iliyompa jina ni *Bahari Haina Bwana*, filamu ya mabaharia iliyochezwa na watu wetu weusi miaka ya thelathini, kwa pesa za kuungaunga: meli ya mbao ndani ya ghala la tumbaku, dhoruba ya maji ya ndoo. Tuliambiwa imepotea. Kumbe iko kanisani Mount Nebo, na kila Agosti, waumini waliohamia mbali wanaporudi nyumbani kwa ibada na kuku wa kukaanga, tunaonyeshwa ile dhoruba eti kisa cha Yona! Bi Ernestine ndiye aliyeuliza ni Yona gani huyu anayeshika usukani.

Ila mashemasi walikuwa wamekata kila penye ramu na busu. Hapo ndipo alipoumia Bi Lavinia Pettway, muumini wa kanisa lile. Tangu usichana wake alisema nahodha wa filamu ile ni marehemu baba yake, akachekwa, kwa kuwa katika vipande vilivyobaki nahodha ametupa kisogo. Picha nyingine za baba huyo ziliteketea nyumba yao ilipoungua.

Bi Ernestine akapita kwa mashemasi nyumba kwa nyumba, akilishwa pai ya viazi vitamu kila kibaraza, mpaka mjane wa Shemasi Gaskins akakiri kwa haya: mzee hakutupa kitu. Alivificha vipande kwenye boksi la kofia, akivitazama peke yake. Bi Ernestine akaviunga kwa mkono.

Agosti iliyopita tukaionyesha nzima, kanisani palepale. Nahodha akatugeukia, sura ileile ya Bi Lavinia, akavua kofia, akanywa ramu, akambusu mpishi. Mashemasi wakainamisha vichwa. Bi Lavinia akasimama.

“Huyo ndiye baba,” akasema. “Haya, mwongo nani?”

Kisha akaomba amwone tena. Bi Ernestine, ambaye harudishi nyuma filamu kuukuu hata kwa amri ya mkurugenzi, akairudisha.

Asante, Bi Ernestine. Mungu akujalie siku nyingi, magoti yasiyouma, na usingizi mtamu wa mtu aliyemkutanisha binti na baba yake.