Mkono wa Kreszenz Juu ya Mlango wa Maonyesho

Waombolezaji mliokusanyika katika Kanisa la Mtakatifu Kilian, Chicago, leo Ijumaa, tarehe 16 Februari 1894, familia inawaomba wale waliosimama mlangoni wasogee ndani, kwa kuwa nje kuna baridi, na kwa kuwa maisha ya Korbinian Aschauer yatasomwa mara moja tu, nayo yanapaswa kusikika kwa wote.

Marehemu Korbinian Josef Aschauer alizaliwa tarehe 20 Novemba 1852 katika kijiji cha Wessobrunn, Bavaria, akiwa mtoto wa tatu wa Josef Aschauer na Afra, aliyetoka ukoo wa Sanktjohanser. Alisoma shule ya parokia hadi umri wa miaka kumi na miwili, kisha akawekwa chini ya babu yake, Korbinian mkubwa, kujifunza kazi ya ukoo, ambayo ni mapambo ya plasta, na huko alifundishwa kabla ya jambo lolote jingine kwamba plasta iliyokunywa maji haitegemewi, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Mwezi Aprili 1881 alipanda meli huko Bremen, akafika New York, na kutoka hapo Chicago, ambako alifanya kazi katika dari za mahoteli na kumbi za michezo ya kuigiza, akasifiwa kwa utulivu wake na kwa kutokunywa pombe kazini. Tarehe 6 Mei 1884 alifunga ndoa katika kanisa hili na Walburga Lechner, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kreszenz, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1885, ambaye sote tulimwita Zenzi, na Alois, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1888, ambaye ameketi hapa mbele na mama yake.

Mwezi Machi 1892 aliajiriwa katika ujenzi wa Maonyesho ya Dunia, katika yale majumba meupe ambayo wageni waliyadhani ni marumaru, ingawa mafundi walijua ni mbao zilizovikwa plasta na nyuzi za katani. Alipewa kutengeneza watoto wa plasta ishirini na wanne walioshika masuke ya ngano, wa kupamba milango ya nyumba moja ya maonyesho, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, na kufinyanga mkono wa mtoto kwa udongo ni kazi ya siku nyingi, Jumapili moja baada ya misa aliupaka mafuta ya nguruwe mkono wa kushoto wa Zenzi na kuuchukulia kalibu, yaani umbo la kumiminia plasta, mezani jikoni.

"Usicheke, Zenzi," alimwambia, "ukicheka kidole kinasogea."

"Sicheki, baba, pua inaniwasha."

Mama yake akamkuna pua, plasta ikakauka, na mikono yote ishirini na minne ikatoka katika kalibu hiyo moja, ambayo baadaye ilivunjwa na kutupwa kwenye kifusi, kama ilivyo desturi kazi inapokwisha.

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1893, familia yote ilikwenda kuyaona maonyesho, na Zenzi akanunuliwa leso ya hariri iliyofumwa picha ya majumba. Baba yake alimbeba begani, akamzungusha milango yote, naye akatazama kila mtoto wa plasta, akauliza, "Baba, mbona nina mikono mingi hivi?"

Marehemu akamjibu, "Ukichoka mmoja, utafanya kazi kwa mwingine."

Kwa mpiga picha foleni ilikuwa ndefu, Alois analia njaa, Walburga akasema watarudi Septemba, picha haikimbii.

Tarehe 6 Septemba Zenzi alishikwa na dondakoo, na tarehe 11, siku ya Jumatatu, akafariki, akiwa na umri wa miaka saba. Watu wa afya walibandika mlangoni karatasi ya onyo la ugonjwa, wakatoa godoro lake, nguo zake, mwanasesere wake na ile leso ya hariri, wakavichoma uani mbele ya wazazi, kama sheria inavyotaka, na walipoondoka, nyumbani hapakuwa na hata utepe wa nywele zake.

Tangu siku ile marehemu hakuingia katika nyumba ya mtu, akiogopa kuwapelekea watoto wa wengine ugonjwa, na hata karatasi ilipobanduliwa aliendelea hivyo hivyo. Maonyesho yalifungwa tarehe 30 Oktoba, na katika wiki ya mwisho wageni walivunja kwa visu na miavuli kila kilichofikiwa, ili wawe na kitu cha kukumbukia safari, na mikono ndiyo iliyotangulia, kwa sababu mkono unaingia katika mkoba. Marehemu alipokwenda mwezi Novemba, aliwakuta watoto wake wa plasta wamekatwa viwikoni mlango hadi mlango, isipokuwa wanne waliokuwa juu kabisa, juu ya mlango mkuu, ambako hakuna aliyefika.

Kuanzia hapo hakuwa na haja nyingine ila kuupata mmoja wa mikono ile iliyobaki. Kazi hazikuwapo mjini, kama mnavyojua wenyewe, lakini hakuacha kwenda kwenye lango la kampuni iliyonunua majengo ili kuyabomoa, na siku ya Ijumaa, tarehe 9 Februari, msimamizi alimwambia mbele ya mashahidi, "Chukua, mzee, hayo yote ni kuni." Familia inalisema hili kwa sababu gazeti moja la mjini limeandika kwamba mzururaji aitwaye Conrad Asher alianguka akiiba. Hakuitwa Conrad, hakuitwa Asher, hakuwa mzururaji, wala hakuiba.

Jumamosi, tarehe 10 Februari, alikwenda na rafiki yake, fundi Cajetan Stöhr. Baridi ilikuwa imelegea, barafu iliyokuwa ndani ya kuta ilikuwa ikiyeyuka, na maji yalitiririka kutoka kwenye mapambo.

"Korbinian, turudi," alisema Stöhr. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetukataza kuegemea ukuta siku kama hii."

"Najua nilichowakataza. Shika ngazi."

"Ngoja basi igande tena."

"Jumatatu wanaleta mashoka, Cajetan. Shika ngazi."

Alipanda, akaanza kukata kiwiko kwa msumeno mdogo, lakini nyuzi za katani zikawa ngumu, akalazimika kuegemea ili apate nguvu, na ukingo wote wa ukuta ukabanduka pamoja naye na wale watoto wanne. Alipelekwa hospitali mgongo umevunjika, na alipopata fahamu aliuliza swali moja, kama mkono ni mzima.

Mkono ulikuwa unga. Stöhr alimjibu, "Mzima kabisa, nimeupeleka kwa Walburga," na ametuomba tuliseme hili hadharani, ili lisinong'onezwe. Marehemu aliendelea kumuuliza mke wake ameuweka wapi, na Walburga, ambaye hakuwahi kumdanganya kabla ya hapo, alimwambia ameuweka juu ya kabati, panapofikiwa na jua. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Februari 1894, saa tatu asubuhi, baada ya kupokea sakramenti.

Siku iliyofuata, waombolezaji wakiwa nyumbani, aliingia jirani anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo, amefunika kitu kwa aproni. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mtoto, umeshika masuke ya ngano, na kalibu ilikuwa imechukua hata kucha zilizotafunwa.

"Nilidhani ni malaika tu, mama Alois," alisema. "Kila mtu alikuwa anavunja. Umekaa juu ya meko yangu tangu Oktoba. Angeingia hata mara moja kunisalimu, angeuona."

Walburga aliupokea, akauosha masizi kwa kitambaa chenye maji kidogo, akamvutia jirani yake kiti. Wanawake walimshauri auweke katika jeneza, mikononi mwa mumewe, kwa kuwa ndio uliomuua, naye akawajibu, "Yeye anakwenda aliko mtoto mwenyewe. Ninayebaki ni mimi."

Kwa hiyo jeneza hili lina Korbinian peke yake, na mtakaofika nyumbani baada ya maziko mtauona mkono juu ya kabati, nanyi mnaombwa msiuguse.

Familia inawashukuru madaktari na watawa wauguzi, Padri Eberhard Mösl, mafundi wa plasta waliobeba jeneza, Cajetan Stöhr, ambaye hana deni lolote kwa familia hii, na majirani wote walioleta chakula na makaa. Inamshukuru pia yule jirani aliyeleta mkono, ambaye yumo humu kanisani, na ambaye jina lake, kwa agizo la mjane, halisomwi leo, wala lisiulizwe.

Korbinian Josef Aschauer, upate kupumzika, na umsalimu Zenzi.