Ufunguo wa Shingoni

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Funguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati, mtoto wa pili wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la nane, akajifunza kazi ya kufuli kwa mjomba wake, na mwaka 1969 akafungua kibanda chake nyuma ya posta.

Tusimpambe kwa kuwa amelala. Alipenda vitu vyake kupita kiasi. Nyumbani alifunga kabati la sukari, simu, hata dirisha la jikoni. Mkewe, aliyefunga naye ndoa mwaka 1973, alizoea kumtania: "Baba watoto, ukitangulia, tulie kwanza au tuvunje milango kwanza?"

Akatangulia mama, Agosti 2011. Marehemu alizungusha ufunguo wa kabati la nguo za mkewe, akautundika shingoni, na kabati hilo hakuligusa tena. Ndipo alipoanza kwenda hekalu la Wahindu kwa mwalimu wa maandiko. Huko alijifunza viveka, yaani kupambanua kinachodumu na kinachopita, na kwamba anayepambanua sawasawa hulegeza mkono bila kulazimishwa. Aliyavamia mafundisho kwa pupa. Aligawa funguo zote, kibanda akamwachia mwanawe mkubwa. Lakini aliacha pia kula na wenzake mezani na kumpakata mjukuu, akidai anajitenga na dunia. Hapo alikosea, na bintiye muuguzi hakumficha.

"Baba, sisi umeshatuacha. Huo wa shingoni je?"

Alimpelekea mwalimu neno hilo, akaambiwa somo la siku hiyo amekwisha kulipata nyumbani. Jioni akarudi mezani, mjukuu mapajani. Ufunguo haukutoka.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Alipoona hali inazidi kuwa mbaya, aliuvua mwenyewe ule ufunguo, akamkabidhi binti.

Binti alicheka huku akijifuta machozi. "Baba, kabati lile halifungiki tangu Mama yu hai. Kitasa kilikufa, ufunguo huzunguka bure. Nguo zake mimi huzianika, nikazirudisha."

Mzee, fundi wa kufuli maisha yake yote, alicheka mpaka akaomba maji. "Kumbe nilikuwa nalinda hewa," alisema. "Wape watakaozivaa."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, shingo yake ikiwa tupu. Ameacha wana wawili, binti mmoja na wajukuu watano, mmoja wao akiwa leo amevaa nguo ya bibi yake.

Mzee Funguo, nenda kwa amani. Huku nyuma tumeacha milango wazi.