Chupa ya Attiki

Saa nane mchana, kwenye benchi la kahawa la Sospeter karibu na stendi ya Mpanda, Evarist alikaa ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu. Jioni hiyo angewapikia Wagiriki waliokuwa wakitoka mbugani. Mwenye nyumba ya wageni, Mama Restituta, alimwambia wazi: wakiridhika, kazi ni yake, wasiporidhika, arudi kwao Karema. Wageni walitanguliza chupa tatu za mvinyo, moja moja kutoka mikoa mitatu ya kwao: Assyrtiko wa Santorini, Xinomavro wa Naousa, na Retsina wa Attiki. Huo wa mwisho aliufungua asubuhi, ukanuka utomvu wa mpaina. Evarist alijifunza kazi jikoni kwa mapadri, ambako divai iliyobadilika harufu haifiki altareni. Humwagwa ardhini papo hapo. Akaumwaga.

— Umefanya la maana, alisema Thadei, ambaye kijiwe kilimwita Profesa. Ile ni dawa ya mbao.

— Ndani ya chupa iliyofungwa vizuri vile?

— Ndiyo ujanja wenyewe!

— Wapi! alidakia Sospeter akimimina kahawa. Wazungu wale wanakupima. Wametia harufu makusudi waone kama mpishi ana pua.

— Kwa hiyo nimefaulu?

— Umefaulu, mzee baba. Watakubeba mpaka Ugiriki.

— Ukachome mishkaki kwa rais wao, aliongeza Profesa.

Wakacheka. Evarist hakucheka, macho yake yalikuwa kwenye karatasi aliyoishika. Xinomavro alishaupangia mbuzi wa kuchoma, Assyrtiko kuku wa limau. Samaki ndiye aliyebaki peke yake.

Gaudensia, mchuuzi wa samaki, akafika na ndoo kutoka Karema.

— Shikamooni. Kaka Evarist, migebuka yako hii. Na hiyo karatasi ya nini?

— Ilikuja na chupa. Majina ya mvinyo.

Akaichukua, akaigeuza.

— Mbona na huku nyuma pameandikwa?

Evarist hakuwahi kuigeuza. Akasoma Kiingereza kile polepole, akiwafasiria: “Retsina hutiwa utomvu wa mpaina, ndivyo ulivyo tangu zamani. Ni wa samaki wa kukaanga. Mama yetu ana miaka themanini na minane, hanywi mwingine.”

Profesa akainamia kikombe chake. Sospeter akaacha kumimina.

— Nyie, aliuliza Gaudensia, sasa huyo bibi atawekewa nini mezani?

Evarist akafunika uso kwa viganja. Bado vilinuka mpaina.